Dafu Lililojaa Ramu

Mtu wa Tanga au Lamu akimwona baharia amekumbatia dafu, atajua ana kiu. Hivyo ndivyo walivyodhani pia maofisa wa jeshi la majini la Uingereza huko Karibi, karibu miaka mia mbili iliyopita. Madafu yalinunuliwa kwa wachuuzi wa bandarini yakapandishwa melini mchana kweupe. Kumbe maji yake yalikwisha kumwagwa, na ndani imetiwa ramu. Mabaharia waliuita mchezo huo "kumnyonya tumbili", na Frederick Marryat, ofisa wa jeshi hilohilo aliyegeuka mwandishi wa riwaya, aliueleza katika Peter Simple, kitabu chake cha mwaka 1834.

Cha ajabu ni kwamba mabaharia wale hawakunyimwa ramu. Walipewa kila siku, tena bure. Agosti 1740 Admeri Edward Vernon aliamuru kwamba nusu painti ya ramu ya kila mtu ichanganywe na maji ya takriban lita moja, igawiwe mara mbili kwa siku, kwa sababu watu walikuwa wakiibugia yote kwa mkupuo mmoja. Mgao huo uliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970, siku ambayo mabaharia wa Kiingereza waliiaga ramu yao kwa vitambaa vyeusi mikononi. Wamarekani walikuwa wamewatangulia zamani: jeshi lao la majini lilikata mgao wa pombe kali mwaka 1862, na mwaka 1914 waziri wake, Josephus Daniels, akapiga marufuku kilevi cha aina yoyote katika meli za kivita.

Basi dafu lile halikuwa dawa ya uhaba. Baharia alitaka kujipimia mwenyewe, bila kusimama foleni na kikombe mbele ya mtu mwenye pipa. Ugomvi huo wa nani ashike pipa haujaisha mpaka leo. Umehama tu kutoka manowari kwenda meli za kitalii, na aliyeshika pipa siku hizi hagawi bure.

Katika gati la Miami, bandari kuu ya meli za kitalii duniani, mizigo ya maelfu ya abiria hupita kwenye mashine ya eksirei. Inatafutwa silaha, zinatafutwa pasi za nguo, ambazo ni hatari ya moto, na zinatafutwa chupa. Kampuni za Carnival na Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima aje na chupa moja tu ya mvinyo ya mililita 750, siku ya kupanda, tena aibebe mkononi. Akitaka kuinywea mezani kwenye mgahawa wa meli, atalipa ada ya kizibo, yaani analipia kufunguliwa chupa yake mwenyewe. Norwegian humwachia mtu aje na mvinyo anaoutaka, ila kila chupa ina ada yake. Disney ndiyo yenye mkono laini: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa kila mtu mzima, na ruhusa hiyo hurudi upya katika kila bandari. Wiski, ramu, vodka na ndugu zao hawaingii kwenye meli yoyote kati ya hizo.

Msomaji asidhani haya ni mageni. Nani hajaona kibao kwenye baa kilichoandikwa "Hairuhusiwi kuingia na vinywaji kutoka nje"? Na kamati yoyote ya harusi ya Dar es Salaam inajua majadiliano marefu na mwenye ukumbi pale familia inapotaka kuleta kreti zake. Ila mteja wa baa anaweza kuondoka akavuka barabara. Abiria aliye katikati ya bahari hana barabara ya kuvuka.

Hata hivyo, pombe melini haikuanza kuwindwa na wenye meli. Walioanza kuiwinda ni serikali, na wakati huo kampuni zilisimama upande wa mnywaji.

Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe nchini kote. Swali likazuka mara moja: je, meli ya Kimarekani iliyo katikati ya Atlantiki ni Marekani? Serikali yenyewe ilikuwa na meli nyingi za abiria, baadhi zikiwa zimetekwa kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwenyekiti wa bodi ya meli, Albert Lasker, alijua wazi kwamba abiria mwenye pesa zake hatapanda meli kavu ilhali meli ya Kiingereza ya gati la pili ina baa. Kwa hiyo meli za serikali zikauza pombe, mvinyo kwa bei iliyochapwa kwenye orodha, huku raia wa nchi kavu wakifungwa jela kwa kosa hilohilo.

Aliyefichua jambo hilo alikuwa mtu mwenye donda lake. Familia ya Busch wa St. Louis, wenye kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch kilichokuwa kimebaki kutengeneza vinywaji visivyolevya, ilipata orodha ya vileo vilivyokuwa vikiuzwa ndani ya George Washington, meli ya serikali ambayo Rais Woodrow Wilson aliipanda mwaka 1918 kwenda kwenye mkutano wa amani wa Paris. Mwaka 1922 malalamiko yao yakamfikia Rais Warren Harding: serikali inayowafilisi watengenezaji bia imegeuka muuza magendo mkubwa. Harding, ambaye kwa ushuhuda wa waliocheza naye karata hakuwahi kukaukiwa na wiski Ikulu, hakuwa na jibu. Oktoba mwaka huo mwanasheria mkuu wake, Harry Daugherty, akatoa tafsiri kali kuliko wote walivyotarajia. Meli za Kimarekani ziwe kavu popote ziendapo. Na meli za kigeni zisiingie na tone la pombe katika maji ya Marekani, hata kama limefungiwa stoo.

Kampuni za meli zikaenda mahakamani, Cunard ikiwa mstari wa mbele. Tarehe 30 Aprili 1923 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria haikuifuata meli ya Kimarekani hadi bahari kuu, lakini ndani ya maji ya Marekani iliishika kila meli, ya bendera yoyote. Wamarekani walioshinda nusu ya kesi hawakufaidi ushindi wao, maana serikali iliendelea kuzikausha meli zake kwa hiari. Leviathan, jitu lililokuwa likiitwa Vaterland kabla ya kutwaliwa kutoka kwa Wajerumani, lilianza safari zake za Atlantiki Julai 1923 bila baa.

Waliopata shida zaidi walikuwa wageni. Meli ya Kiingereza iliweza kuuza vinywaji kutoka Southampton hadi karibu na New York, lakini haikuruhusiwa kuingia bandarini na akiba ya safari ya kurudi. Waingereza wakajaribu kuifungia akiba hiyo stoo kwa lakiri ya serikali yao. Juni 1923 maofisa wa forodha wa New York walipanda meli za Baltic na Berengaria, wakazivunja lakiri hizo na kuondoka na mzigo. London ilighadhibika, na suala la chupa likapanda hadi meza za mabalozi.

Suluhu ilipatikana kwa kubadilishana. Katika mkataba uliotiwa saini Januari 1924, Uingereza iliruhusiwa kuingiza pombe iliyofungwa kwa lakiri, nayo Marekani ikapata haki ya kuzipekua meli za Kiingereza zilizoshukiwa kwa magendo hadi umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani. Nadra sana nchi mbili kubwa kupima mipaka ya bahari kwa ajili ya sanduku la wiski.

Mkataba huo ulifungua biashara ambayo haikuwa imekusudiwa. Meli ya kigeni sasa iliweza kutia nanga New York na pombe yake stoo, ikapakia Wamarekani wenye kiu, ikatoka nao nje ya maji ya nchi yao na kufungua baa. Hakukuwa na haja ya kufika popote. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 na tiketi za Atlantiki zikakosa wanunuzi, kampuni za Ulaya zilizitumia meli zao kubwa kwa safari fupi za Bermuda, Havana au Nova Scotia, nyingine zikizunguka baharini siku mbili tatu na kurudi zilikotoka. Ziliitwa safari za kwenda pasipo mahali. Berengaria, ileile iliyovunjiwa lakiri, ikawa maarufu kwa safari za bei poa.

Wengi husema meli za kitalii za leo zilizaliwa Miami. Sikubaliani nao kabisa. Mbegu ilipandwa pale New York, na watu waliolipa nauli ili wakae baa. Marufuku ilipoondolewa Desemba 1933, mazoea yalibaki.

Katika miongo iliyofuata, hakuna aliyehangaika kupekua begi la abiria wakati wa kupanda. Nauli ndiyo iliyoilisha kampuni. Vinywaji vya melini havikutozwa ushuru, vikawa rahisi kuliko vya nchi kavu, hivyo mtu kujibebesha chupa ilikuwa kujitafutia uzito. Kisha Oktoba 1958 ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki, na safari ya siku tano ikawa ya saa chache. Meli zikabaki bila kazi.

Kazi mpya zikaipata Florida. Desemba 1966 Knut Kloster wa Norway na Ted Arison, mzaliwa wa Tel Aviv, walianza kuipeleka meli ya Sunward kutoka Miami hadi Bahama. Walipogombana, Arison akaanzisha Carnival mwaka 1972 kwa meli moja kuukuu, Mardi Gras, ambayo katika safari yake ya kwanza ilikwama kwenye mchanga karibu kabisa na ufuo wa Miami, mamia ya mawakala wa usafiri wakiwa ndani. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka uliofuata, Carnival ilipunguza mwendo na idadi ya bandari. Abiria wakawa na saa nyingi zaidi za kukaa melini, na meli ikajazwa muziki, kamari na kaunta za vinywaji.

Hapo ndipo mizani ilipopinduka. Nauli ilishushwa ili dereva wa lori na mwalimu wa shule nao wamudu, na pengo likajazwa na kile watakachonunua wakishapanda. Mwaka 2023 Carnival Corporation, ambayo sasa inamiliki kampuni kadhaa za meli, ilipata takriban dola bilioni 21.6. Karibu bilioni 7.5 kati ya hizo hazikutoka kwenye tiketi. Zilitoka kwenye vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini, maduka na mengineyo. Chupa ya ramu iliyofichwa kwenye soksi si mzaha tena kwa mhasibu.

Kampuni hutaja usalama, na hoja hiyo isibezwe: mlevi na ukingo wa sitaha ni majirani wabaya. Lakini ina tundu. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Florida ilikubali kesi isikilizwe ya abiria aliyedai kwamba alianguka na kuumia baada ya wahudumu wa meli kumuuzia pombe kupita kiasi. Pombe hiyo haikuingizwa kwa soksi. Leo kifurushi cha vinywaji cha Carnival humruhusu mnunuzi vileo 15 kwa saa 24, na akikinunua mtu mzima mmoja, watu wazima wote wa chumba chake sharti wakinunue pia, wasije wakapokezana bilauri. Vileo 15 kwa siku ni kipimo ambacho Admeri Vernon angekitilia maji.

Abiria nao hawakulala. Chupa za maji ya kusukutulia zilijazwa vodka iliyotiwa rangi ya chakula, ya buluu au kijani. Ramu ilisafiri kwenye makopo ya mafuta ya jua. Wajasiriamali wakauza vifuko laini vya plastiki visivyo na chuma wala kioo, ndugu wa damu wa viroba ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017. Wengine hungoja bandari. Huko St. Thomas, katika visiwa vya Virgin vya Marekani, Mmarekani huruhusiwa kurudi nyumbani na lita tano za pombe bila ushuru, na maduka yamejipanga kumsubiri. Akirudi ngazini, meli humpokea kwa heshima zote, humwandikia risiti, huzichukua chupa na kuzifungia. Atazipata mwisho wa safari. Bila shaka mgeni anayeshuka Zanzibar akarudi na Konyagi ya ukumbusho husubirishwa hivyohivyo.

Mwaka 2015 ulikuwa mkali. Disney, iliyokuwa ikiruhusu hata pombe kali, iliifuta ruhusa hiyo. Carnival ikagundua kwamba maji ya chupa yaliyokuwa yakiletwa kwa katoni hayakuwa maji yote. Watu walijifunza kufungua kizibo, kumwaga maji, kutia vodka na kukifunga tena bila alama, na wakaguzi walipoteza muda mwingi kukagua katoni moja moja gatini. Kuanzia Julai 9 mwaka huo kampuni ilikataza abiria kupanda na vinywaji vya chupa za aina yoyote, isipokuwa ile moja ya mvinyo. Soda na maji ya kopo au boksi viliruhusiwa, visizidi 12 kwa mtu. Wateja walipolalamika, Carnival ilipunguza bei ya katoni ya maji yanayoagizwa kabla ya safari, na katoni hiyo abiria huikuta chumbani, imeletwa na mhudumu wa meli.