Kwa Nini Bi X Alikufa?



Juzi nilikuwa nampima bi harusi gauni la usiku wa hina. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Da, kupanga uzazi si kumkosea Mungu?" Nilimjibu kwa kisa, na nanyi nawasimulia.

Misri palikuwa na Daktari Mahmoud Fathalla, bingwa wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Assiut. Mwaka 1987, hapa jirani Nairobi, ulifanyika mkutano wa dunia kuhusu uzazi salama. Wakati ule ilikadiriwa wanawake nusu milioni wanakufa kila mwaka kwa mimba na kujifungua. Daktari huyu alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa harakati hizo, na ndiye aliyekieneza kisa cha Bi X. Bi X si mtu mmoja, ni wanawake wengi.

Bi X alikuwa na miaka 39. Alifariki katika hospitali ndogo ya wilaya, akiwa na uchungu, kwa kutokwa damu. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto. Daktari angeandika hivyo akafunga faili. Fathalla akarudi nyuma, hatua kwa hatua. Hospitali haikuwa na damu ya kutosha. Njiani alitumia saa nne. Mwezi ule ule damu ilishamtoka mara mbili, hakutibiwa. Tangu zamani alikuwa na upungufu wa damu. Alikuwa na watoto watano hai na hakutaka mwingine, lakini hakuna aliyempa njia ya kupanga uzazi.

Kwa hiyo safari ya kifo chake haikuanza siku ya uchungu. Ilianza miaka mingi nyuma, na kila kituo palikuwa na mlango wa kutokea, ila umefungwa.

Baadaye Fathalla aliongoza mpango wa utafiti wa uzazi wa Shirika la Afya Duniani, kutafuta njia salama za kupanga uzazi.

Na dini? Masahaba walifanya azl zama za Mtume (S.A.W.), na wanazuoni wengi wameiruhusu kwa ridhaa ya mke.

Basi bi harusi wangu, somo akikufundisha udi na singo, muulize na hili. Kaa na mumeo mshauriane, kisha nendeni kliniki pamoja. Gauni nitakushonea mimi, lakini uhai ni amana, uutunze.