Barabara Moja, Majina Manne

Wengi wetu tuliofika huku Marekani tumewahi kuchuma riziki kwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa katika mashamba ya Ohio, mahali ambapo jirani wa karibu unamjua kwa taa yake tu inayomulika ng'ambo ya shamba la mahindi. Usiku mmoja wa Januari mzee niliyekuwa nikimwangalia alibanwa na pumzi. Nikapiga 911. Mama aliyepokea simu akaniuliza: uko barabara gani?

Nikamsomea nilichokiona kwenye ramani ya simu yangu, yaani barabara ya kaunti na namba yake. Akauliza, kaunti ipi? Mpaka ulipita karibu, na kaunti ya pili nayo ilikuwa na barabara yenye namba hiyohiyo. Akaniambia anauona mnara wa simu, lakini mimi hanioni. Mzee naye, kwa sauti ya kukwaruza, akawa anarudiarudia, "Lincoln, Lincoln." Nikadhani anaweweseka, anamwita rais aliyekufa zamani. Kumbe pale njia panda palikuwa na kibao cha kijani ambacho nilikipita kila siku bila kukisoma, na kibao hicho kilikuwa na jina lingine kabisa.

Gari la wagonjwa lilichelewa, lakini lilifika, na mzee akapona. Ni yeye aliyenieleza baadaye kwamba hakuwa akiweweseka hata kidogo. Kipande kile cha lami iliyopasukapasuka mbele ya nyumba yake kiliwahi kuwa barabara mashuhuri kuliko zote Marekani.

Lincoln Highway ilizinduliwa mwaka 1913, kutoka Times Square mjini New York mpaka Lincoln Park mjini San Francisco. Haikuwa kazi ya serikali. Aliyelitoa wazo ni mfanyabiashara wa Indianapolis, Carl Fisher, aliyetajirika kwa kuuza taa za magari, na chama cha watu binafsi ndicho kilichochora njia na kuisimamia. Alama yake ilikuwa mistari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu yenye herufi L, iliyopakwa kwenye nguzo za simu. Dereva wa siku hizo hakusoma ramani sana. Alifuata rangi.

Mambo yakawanogea wengi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 njia za namna hiyo zenye majina zilikuwa zimefika kama 250, kila moja na chama chake na rangi zake. Vyama viliishi kwa michango ya wenye maduka katika miji iliyo njiani, na baadhi havikuona haya kuipindisha njia ili ipite kwa aliyelipa. Nguzo moja ya simu ikaweza kubeba rangi za njia tatu au nne, na mgeni akasimama chini yake akikuna kichwa. Hebu mfikirie: ndiyo hali ileile iliyonikuta mimi, ila yeye alikuwa na nguzo na mimi nilikuwa na simu.

Wisconsin ndilo jimbo lililotangulia kuweka namba kwenye barabara zake zote kuu, mwaka 1918. Kisha tarehe 11 Novemba 1926 chama cha maofisa wa barabara wa majimbo kikapitisha utaratibu wa nchi nzima. Namba za shufwa zilipewa barabara zinazokwenda mashariki na magharibi, za witiri zikapewa zinazokwenda kaskazini na kusini. Mtu angedhani hesabu haina ugomvi, lakini ulikuwepo. Gavana wa Kentucky, William Fields, aliitaka namba 60 kwa ajili ya jimbo lake, na Cyrus Avery wa Oklahoma alikuwa ameshaiweka kwenye barabara ya Chicago hadi Los Angeles. Avery ndiye aliyelegeza kamba, akachukua 66. Namba iliyotokana na mabishano ikaja kupendwa kuliko majina mengi.

Lincoln Highway haikupewa namba moja. Ilikatwa vipande: kipande US 1, kipande kirefu US 30, vingine US 40 na US 50. Mwaka 1928 skauti walisimamisha maelfu ya nguzo za zege kandokando yake ili jina lisipotee, na chache bado zimesimama.

Halafu barabara yenyewe ikahama. US 30 iliponyooshwa na kupanuliwa, vipande vya zamani vyenye kona viliachiwa kaunti, nazo kaunti zikavipa namba zao. Wenyeji waliendelea kusema Lincoln. Posta nayo ilikuwa na hesabu yake tangu huduma ya kupeleka barua mashambani ilipoanza mwaka 1896: "njia ya pili, sanduku la 45". Namba hiyo ilikuwa ya mzunguko wa mpeleka barua, wala haikuwa ya barabara. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, mwaka 1968, na huduma hiyo ilipoenea mashambani ikaonekana kuwa gari la zimamoto haliwezi kufuata mzunguko wa posta. Kaunti zikaanza kuzipa barabara majina rasmi na nyumba namba mpya. Ndipo vilipokuja vibao vya kijani. Hesabu mwenyewe: jina la chama, namba ya kaunti, namba ya posta, jina la kibao. Mzee wangu aliyaishi yote manne bila kuhama nyumba.

Ramani za kidijitali zilirithi mchanganyiko huo. Idara ya Sensa ya Marekani, kwa ajili ya sensa ya 1990, ilitengeneza mkusanyo wa barabara zote za nchi unaoitwa TIGER, na kwa kuwa ni mali ya umma, watengenezaji wengi wa ramani waliuchukua. OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanzia Uingereza mwaka 2004, uliuingiza mnamo 2007 na 2008. Katika data hizo barabara moja huweza kuwa na majina kadhaa, moja nafasi ya mbele na mengine yamepangwa nyuma yake. Lililo mbele ndilo linaloandikwa kwenye kioo, na aghalabu ndilo linalotamkwa na ile sauti inayotuamuru tugeuke kulia. Nani ameamua lipi liwe mbele? Mara nyingi ni mashine tu.

Wenzetu wa Houston wanajua ninachosema. Westheimer na FM 1093 ni barabara moja, na FM 1960, iliyokuwa njia ya mashambani, kuna sehemu yake inaitwa Cypress Creek Parkway, ingawa mjini watu bado wanasema "1960" tu. Hata nyumbani Kenya, barabara ya Mombasa ilikuwa A109 mpaka mwaka 2016 ilipoitwa A8, na sijasikia konda anayesema A8.

Maoni yangu ni haya. Kilichopigiliwa misumari njia panda ndicho kitangulie, kwa sababu mgeni mwenye hofu usiku atasoma anachokiona. Namba ikae ndani ya kingao chake, isijifanye jina. Hilo la wazee lisifutwe. Hata kioo kikikosa nafasi ya kuliandika, liweze kutafutwa na kupatikana. Wanaosema ramani itajaa maneno wanasahau kwamba jina linaweza kuhifadhiwa bila kuonyeshwa.

Baadaye nilijifunza kurekebisha kipande kile kwenye OpenStreetMap; ilinichukua robo saa. Lakini kwanza, asubuhi ileile, niliandika majina yote manne kwa kalamu nene, pamoja na jina la kaunti, nikayabandika kwenye mlango wa friji. Dada wa Kisumu aliyekuja kunipokea zamu akaisoma karatasi, akanitazama, akauliza kama mzee ana nyumba nne.