Mji wa kaunti unapofufuka: Bungoma, Kitale na gharama ya kuishi

MISIKHU ni soko lililo kando ya barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Kitale, katika eneobunge la Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma. Aliyesimama kwenye steji ya matatu hapo ana makao makuu mawili ya kaunti ya kuchagua. Akielekea kaskazini kupitia Kamukuywa na Kiminini atafika Kitale, makao makuu ya Trans Nzoia. Akiteremka hadi Webuye kisha akageuka magharibi, atafika Bungoma, makao makuu ya kaunti yake mwenyewe.

Miji hiyo miwili imebadilika sana tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Barabara zimepanuliwa, taa zimewekwa, majengo ya ghorofa yameota palipokuwa na vibanda vya mabati. Hata hivyo, mji ukishafufuka huzuka swali ambalo halionekani kwenye mabango ya miradi: ni nani atakayemudu kuishi ndani yake?

Bungoma ulianza kama kituo cha reli. Njia ya kutoka Nakuru kwenda Uganda ilipitishwa hapo katika miaka ya 1920, na maduka ya Wahindi yakafuata stesheni. Kwa miongo mingi baada ya uhuru ulikuwa mji wa wilaya wa kawaida, wenye ofisi ya mkuu wa wilaya, mahakama, hospitali, soko na barabara moja ya maana. Aliyekuwa na shughuli kubwa alikwenda Kakamega, yaliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, ama Eldoret, ama Nairobi.

Baraza la manispaa lililouendesha mji wakati huo lilitegemea ada za soko, leseni za biashara, kodi za ardhi na, kuanzia mwaka wa 1999, mgao wa fedha za LATF kutoka serikali kuu. Kama ilivyokuwa katika mabaraza mengi nchini, mishahara na madeni vilimeza sehemu kubwa ya kilichopatikana.

Katiba ya mwaka wa 2010 iligeuza mambo. Kaunti 47 zilihakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kila moja ikahitaji mahali pa kuweka gavana, mawaziri, bunge na mamia ya maafisa. Kathwana, katika kaunti ya Tharaka Nithi, kulikuwa na soko dogo tu la mashambani kabla ya kuteuliwa kuwa makao makuu. Bungoma ulikuwa na bahati zaidi kwa kuwa tayari ulikuwa mji. Ulichokosa ni fedha.

Fedha hizo zilipofika, zilifika kwa njia ya mishahara. Hili ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu uhai mpya wa mji wa kaunti. Karani wa bunge la kaunti hupanga nyumba, hula hotelini, hununua viatu na hulipia watoto karo. Mwanakandarasi wa barabara huajiri vijana na kununua saruji. Ndiyo maana Hazina ya Kitaifa inapochelewesha mgao wa kaunti, jambo linalotokea mara kwa mara, madaftari ya madeni katika maduka ya Bungoma hujaa upesi, na wenye nyumba husikia visingizio vile vile mwisho wa mwezi.

Jambo la pili ni ujenzi wenyewe. Kaunti ilijenga barabara ya njia mbili kila upande kutoka Kanduyi, penye barabara kuu ya kwenda Malaba, ikipita katikati ya mji hadi Musikoma. Urefu wake ni takriban kilomita 6.5, na gharama yake ilizidi Sh1 bilioni. Mwaka wa 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa dola milioni 300 wa kusaidia miji ya Kenya, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje, ili kaunti zijenge barabara za mitaa, mitaro, taa na masoko. Chuo Kikuu cha Kibabii nacho kilipata hati yake mwaka wa 2015, na wanafunzi wakawa wapangaji. Mnamo Juni 1, 2024, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Mji uliopitwa na wageni wa heshima kwa miaka mingi ukawa mwenyeji wa taifa kwa siku moja.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu wapatao 68,000 katika mji wa Bungoma na 162,000 katika Kitale. Kwa kipimo cha Nairobi hiyo ni midogo, na udogo huo ndio uliowafanya wengi waamini kwamba maisha humo ni nafuu daima.

UNAFUU WA AINA MBILI

Kuna unafuu wa aina mbili, na Webuye, ambao mkazi wa Misikhu hana budi kuupitia akienda Bungoma, unafundisha tofauti yake.

Webuye, uliojulikana zamani kama Broderick Falls, ulikuwa mji wa kiwanda kimoja. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1970 na kuulisha mji kwa zaidi ya miaka 30. Nyumba za wafanyakazi, shule, maduka, hata wauzaji wa mboga wa Lugulu na Misikhu, vyote viliitazama siku ya mshahara ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2009, wapangaji walihama na vyumba vikabaki vitupu. Kodi ilishuka. Aliyetafuta chumba cha bei ya chini angekipata bila taabu, ila asingepata kazi ya kukilipia. Mali ya kiwanda iliuzwa kwa kampuni za familia ya Rai mwaka wa 2016 kwa Sh900 milioni, bei iliyozua mjadala mkali, na mitambo ikaanza kufufuliwa. Hata hivyo, mji haukurudi ulivyokuwa.

Bei ya chini ya Webuye katika miaka hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa. Anayeusifu mji kwa kuwa kodi yake ni ya chini, bila kuuliza wapangaji wake wanalipwa na nani, hajausoma mji huo.

Unafuu wa Bungoma ulikuwa wa aina nyingine, na ulitoka mashambani. Mfanyakazi mwenye mshahara mdogo aliweza kuishi mjini kwa sababu sehemu ya chakula chake haikupitia sokoni. Gunia la mahindi lilitoka nyumbani Misikhu, Sirisia ama Tongaren. Maharagwe, ndizi na kuku wa siku ya wageni vilitoka huko huko. Kilichobaki alikinunua kwa mama mboga, na alipoishiwa unga mwishoni mwa mwezi alinunua mahindi kwa gorogoro, akayapeleka posho mill mwenyewe badala ya kununua pakiti dukani. Chwele, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya, haiko mbali. Katika miji mikubwa familia hununua kila jani la sukumawiki. Hapa wengi hununua kinachopungua tu.

Wapo pia wasiolala mjini kabisa. Bodaboda, ambazo jina lake lilizaliwa mpakani Busia enzi za baiskeli, zimewawezesha watu kulala vijijini na kufanya kazi mjini. Fundi wa cherehani ama mwuza mitumba huamka kwake, hupanda pikipiki hadi barabara kuu, kisha matatu. Nauli hupanda mafuta yanapopanda, lakini kodi ya nyumba hailipi.

ARDHI INAYOPUNGUA

Tatizo ni kwamba mpango huu wote umesimama juu ya shamba, na shamba linapungua. Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570 mwaka wa 2019, zaidi ya watu 550 kwa kila kilomita mraba. Wana wanagawana ardhi ya baba, na wajukuu wanagawana iliyogawanywa. Mmoja anapohitaji karo ama pesa za hospitali, huuza ploti ya futi hamsini kwa mia. Ekari moja hutoa takriban nane za namna hiyo. Palipovunwa mahindi huota nyumba ya kupangisha: mstari wa vyumba vya chumba kimoja kimoja, bomba moja uani, choo mwisho wa ua.

Kila barabara mpya ya lami huharakisha jambo hilo. Mwenye shamba kando ya lami huona bei ikipanda na huuza. Mwenye ploti mjini huona wapangaji wa mshahara na hubomoa vyumba vya mabati ili ajenge ghorofa. Wapangaji wa kwanza husogea nje, kuelekea pasipo na mtaro wala maji, nao hulipa kwa nauli na kwa mtungi wa maji kile walichookoa kwenye kodi. Hakuna mtu mmoja aliyewafukuza, wala hakuna notisi inayoweza kupelekwa mahakamani.

Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka wa 1975 kati ya Bungoma na Webuye, kilikuwa nguzo nyingine ya kipato cha mashambani. Kwa miaka mingi wakulima na wafanyakazi walilalamikia malipo yaliyocheleweshwa, hadi serikali ilipokikodisha kwa kampuni ya West Kenya mwaka wa 2025 kwa miaka 30. Mkulima wa miwa asipolipwa, mwanawe aliye mjini hukosa msaada kutoka nyumbani, na pengine hulazimika kutuma yeye.

Serikali ya kitaifa ina jibu lake, nalo ni nyumba za bei nafuu. Sheria iliyotiwa saini Machi 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi sawa. Mahitaji ya nyumba yapo, hilo halina shaka. Lakini katika mji kama Bungoma, mpangaji wa kawaida hutafuta chumba kimoja cha kulala karibu na kazi, huku akijenga nyumba yake polepole kijijini, matofali ya mwaka huu na mabati ya mwaka ujao. Malipo ya kila mwezi ya kununua nyumba ya ghorofani hayana budi kushindana na mpango huo, na muuza nyanya ambaye pato lake hubadilika kila siku ya soko ndiye wa mwisho kuyamudu. Fedha zile zile zikipelekwa kwenye mabomba ya maji na mitaro ya maji taka katika mitaa ambayo watu wameshajijengea, pengine zingefika mbali zaidi.

Kitale unatoa funzo la karibu. Mji huo, ulioanzishwa na walowezi mwaka wa 1908 na kufikiwa na reli mwaka wa 1926, ulizungukwa na mashamba makubwa. Maskini hawakuwa na kijiji cha karibu cha kulala wala shamba la kuwaletea gunia, hivyo wakasongamana Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilikaa na wakazi wa mitaa hiyo na baraza la manispaa kupanga pamoja kipi kianze. Walichoanza nacho kilikuwa maji na usafi. Bungoma haujafikia msongamano wa Kitale, lakini mashamba ya pembezoni yakiisha hautakuwa na cha kuukinga.

Kinachofuata kimo katika sheria. Chini ya Sheria ya Miji iliyorekebishwa mwaka wa 2019, manispaa huwa na bodi na meneja wake, na wakazi wana haki ya kusikizwa kuhusu mipango na bajeti. Vikao hivyo mara nyingi huhudhuriwa na wenye majengo na wanakandarasi kuliko wapangaji. Aidha, Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji ya mwaka wa 2024, iliyochukua nafasi ya sheria za zamani, inazitaka kaunti kukadiria upya thamani ya ardhi ili zitoze kodi kulingana na bei za sasa. Kaunti inahitaji mapato hayo ili isitegemee Nairobi kwa kila shilingi. Lakini mwenye ploti ya Kanduyi akiletewa hesabu mpya ataigawa kwa idadi ya vyumba vyake, na mpangaji ataiona mwisho wa mwezi.