Historia ya mizunguko: wazo lililotoka angani likafika sokoni na ziwani

Wazo kwamba mambo hurudi kwa mpangilio ni miongoni mwa mawazo makongwe kabisa katika elimu. Limetumiwa na wanafalaki, wanahistoria, wachumi, wanabiolojia na wataalamu wa hali ya hewa, na karibu katika kila fani limezaa ugunduzi mkubwa pamoja na makosa makubwa. Historia yake inafundisha jambo moja: kuhesabu miaka kati ya tukio na tukio ni mwanzo tu wa kazi. Mzunguko huwa elimu pale sababu yake inapojulikana na utabiri wake unapopimwa.

Hesabu za angani

Wanafalaki wa Babeli, katika Iraki ya leo, waliandika matukio ya angani kwenye vigae vya udongo kwa karne nyingi. Kumbukumbu hizo ziliwaonyesha kuwa kupatwa kwa mwezi hujirudia baada ya miezi miandamo 223, sawa na miaka 18, siku 11 na takriban saa 8. Saa hizo 8 si jambo dogo. Ndani yake dunia huwa imejizungusha theluthi moja zaidi, kwa hiyo tukio linalofuata huonekana upande mwingine wa dunia. Hurudi karibu na lilipoanza baada ya vipindi vitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi.

Wababeli walikuwa na hesabu sahihi bila maelezo ya kwa nini inakubali. Maelezo yalikuja baada ya Isaac Newton kueleza nguvu ya mvutano. Kwa kutumia kanuni zake, mwaka 1705 Edmond Halley wa Uingereza alitangaza kwamba nyotamkia zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682 zilikuwa moja, na kwamba ingerudi karibu na mwaka 1758. Halley alifariki mwaka 1742. Nyotamkia ilionekana tena siku ya Krismasi ya mwaka 1758, na tangu hapo ikaitwa kwa jina lake.

Kupanda na kushuka kwa dola

Katika historia ya binadamu, Mgiriki Polybius aliandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo kwamba utawala wa mfalme huharibika ukawa udikteta, wa wateule wachache ukageuka kuwa wa matajiri, na wa umma ukaishia katika vurugu, kisha mambo huanza upya.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwenda mbali zaidi katika Muqaddima yake ya mwaka 1377. Alieleza kuwa nguvu ya dola hutokana na asabiyya, ule mshikamano wa watu waliozoea kuishi na kupigana pamoja. Kizazi cha kwanza hushinda kwa sababu ya mshikamano huo. Cha pili huhamia mjini na kuonja raha, na cha tatu husahau shida za wazee wake, kikategemea askari wa kulipwa. Akihesabu miaka 40 kwa kila kizazi, aliona ni nadra dola kuvuka miaka 120. Wanahistoria wamebishana juu ya tarakimu hiyo, lakini hoja yake imedumu, kwa maana alionyesha hatua kwa hatua jinsi ushindi wenyewe unavyozaa udhaifu.

Madoa ya jua na bei ya nafaka

Mwaka 1826 Samuel Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau nchini Ujerumani, alianza kuchunguza jua kila siku yenye anga safi. Alitafuta sayari isiyojulikana iliyodhaniwa kuwa karibu zaidi na jua kuliko Zebaki. Ili asiichanganye na madoa meusi ya jua, alilazimika kuyaorodhesha madoa hayo. Sayari hakuipata. Baada ya miaka 17 ya kuandika, aligundua kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka 10 hivi. Rudolf Wolf wa Zürich alipitia kumbukumbu za zamani na kupata wastani wa miaka 11. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alithibitisha kwamba madoa hayo ni maeneo yenye nguvu kubwa ya sumaku.

Ugunduzi wa Schwabe uliwavuta hata wasomi waliokuwa mbali na falaki. Mchumi wa Uingereza William Stanley Jevons alidai katika miaka ya 1870 kwamba madoa ya jua hubadilisha mavuno, mavuno hubadilisha biashara, na hivyo migogoro ya fedha hufuata jua. Ili hesabu zikubaliane, alijumuisha hata migogoro ambayo ushahidi wake ulikuwa hafifu. Nadharia hiyo haikudumu.

Mfaransa Clément Juglar, aliyesomea utabibu, alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 alichambua vitabu vya benki: mikopo iliyotolewa, akiba iliyobaki na viwango vya riba. Aliona kwamba mgogoro huandaliwa na neema inayoutangulia. Biashara inapostawi watu hukopa kupita kiasi, bei hupanda, akiba ya benki hukauka, kisha mikopo husimama ghafla. Kipindi alichokiona kilikuwa cha miaka 7 hadi 11, lakini alichojali zaidi ni namna kinavyojizalisha.

Katika miaka ya 1920 Mrusi Nikolai Kondratiev alitaja mawimbi marefu ya uchumi, ya miaka 50 hivi, yaliyoashiria kwamba ubepari huanguka na kuinuka tena. Alikamatwa mwaka 1930 na kuuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1938. Mwenzake katika taasisi ya utafiti wa uchumi huko Moscow, Eugen Slutsky, alitoa onyo zito mwaka 1927. Alichukua namba za bahati nasibu ya serikali, akazijumlisha kwa mafungu yanayopishana, na yakatokea mawimbi yaliyofanana na yale ya uchumi wa Uingereza wa karne ya 19. Namba hizo hazikuwa na mpangilio wowote. Tangu siku hiyo, mchoro wenye mawimbi peke yake haukutosha tena kuwa ushahidi.

Homa, sungura na barafu

Katika tiba, homa ya vipindi ilijulikana tangu enzi za Wagiriki. Mwaka 1885 na 1886 Camillo Golgi wa Italia alionyesha chanzo chake. Vimelea vya malaria hukua ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa wakati mmoja, na mgonjwa hutetemeka kwa baridi na kupandwa na homa wakati wa mpasuko huo. Aina moja ya vimelea huchukua saa 48, nyingine saa 72.

Katika ikolojia, Mwingereza Charles Elton alitumia daftari za ngozi za Kampuni ya Hudson's Bay ya Kanada. Zilionyesha kuwa paka mwitu aitwaye linksi huongezeka na kupungua kila baada ya miaka 10 hivi, akimfuata sungura anayemla. Elton naye kwanza alishuku madoa ya jua, lakini miaka ilipozidi kuhesabiwa vipindi hivyo viwili viliachana. Jibu lilitafutwa porini. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1994, katika eneo la Kluane huko Yukon, watafiti waliwaongezea sungura chakula katika viwanja fulani, wakazuia wanyama wawindaji katika vingine, na katika kingine wakafanya yote mawili. Chakula peke yake kiliongeza sungura mara tatu, kuzuia wawindaji mara mbili, na yote kwa pamoja mara kumi na moja. Mzunguko uliendeshwa na njaa na meno ya wawindaji.

Kuhusu enzi za barafu, Mserbia Milutin Milanković alikokotoa kwa mkono jinsi mabadiliko madogo ya njia na mwinamo wa dunia yanavyopunguza au kuongeza joto la jua linaloifikia dunia. Wengi walimtilia shaka. Mwaka 1976 tope lililochimbwa chini ya Bahari ya Hindi upande wa kusini lilionyesha vipindi vya takriban miaka 23,000, 42,000 na 100,000, karibu kama alivyotabiri.

Somo la Ziwa Victoria

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1923 C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alilinganisha vipimo vya kina cha Ziwa Victoria tangu mwaka 1896 na idadi ya madoa ya jua. Mistari miwili ilipanda na kushuka pamoja kwa karibu mizunguko miwili na nusu. Kabla ya muongo huo kuisha, ulinganifu ukavunjika.

Mei 1964 ziwa lilifikia kimo kikubwa ajabu, na mwaka huo huo madoa ya jua yalikuwa machache kabisa katika mzunguko wake. Mei 2020 ziwa lilifurika tena na kuhamisha watu wa pwani zake, miezi michache tu baada ya madoa kufika kiwango cha chini, Desemba 2019. Chanzo cha karibu kilikuwa mvua. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka katika mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na vuli ya mwaka 1961, iliyoanza kulipandisha ziwa hadi kimo cha mwaka 1964, na ya mwaka 2019 zilikuwa nzito kupita kawaida kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa mashariki.

Anayetangaza mzunguko, awe mchumi, mtabiri wa hali ya hewa au mwanahistoria, anadaiwa mambo mawili: aeleze unaendeshwa na nini, na ataje mapema lini tukio lijalo litatokea. Halley alilipa deni hilo, na Jevons hakuweza.