Kunakili na Kuhamisha: John Constable mbele ya picha za Claude

Kitenzi kunakili kimetoka katika Kiarabu, na huko mzizi wake una maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Maana hiyo ya asili yafaa kueleza jinsi mchoraji Mwingereza John Constable (1776-1837) alivyojifunza kuchora mandhari kwa rangi za mafuta, kwani swali lililomsumbua ndilo hilo: anayenakili picha ya fundi wa zamani huhamisha nini hasa?

Constable alikuwa mwana wa mwenye vinu vya kusaga nafaka katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk. Mwaka 1795 alijulishwa kwa Sir George Beaumont, tajiri aliyemiliki picha ya Claude Lorrain ya mwaka 1646 inayomwonyesha Hajiri na malaika. Picha hiyo ni ndogo, sentimeta 52 kwa 42 tu, na Beaumont aliipenda hata akawa akisafiri nayo katika gari lake la farasi. Kijana aliitazama kwa mshangao. Alipoingia katika shule ya Royal Academy mwaka 1799, alianza kunakili picha za Claude, za Ruisdael na za wengineo.

Kazi hiyo si ya mkono peke yake. Rangi ya mafuta hukauka polepole, nayo hupakwa tabaka juu ya tabaka: kivuli huwa chepesi, mwanga huwa mzito. Anayenakili hulazimika kugundua ni tabaka lipi lililotangulia, na kwa nini Claude aliweka giza mbele, mti mkubwa kando, maji katikati na nuru mbali kabisa.

Hata hivyo, Mei 1802 Constable alimwandikia rafiki yake John Dunthorne kwa majuto, kwamba kwa miaka miwili alikuwa akikimbilia picha na kuutafuta ukweli kupitia kwa wengine. Akaamua kurudi Bergholt kuchora mashamba yenyewe, naye akarudi. Lakini picha yake ya mwaka huo, Dedham Vale, imepangwa kama ile ya Hajiri: miti mirefu imesimama kulia, na bonde lafunguka hadi mto wa mbali. Mpangilio ulikuwa umehama, rangi haikuhama. Leslie, mwandishi wa maisha yake, asimulia kwamba Beaumont alitaka rangi ya kahawia ya fidla kuukuu iwe kipimo cha picha nzima. Constable akaichukua fidla, akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba.

Desemba 1822 aliandika kwa ukali kwamba jumba la picha la taifa likianzishwa, sanaa ya Uingereza itakwisha, maana picha zitakuwa kipimo cha ukamilifu badala ya maumbile. Na bado, katika vuli ya mwaka 1823, alikaa majuma kadhaa kwa Beaumont huko Coleorton akimnakili Claude, mkewe Maria akimngoja London. Nakala yake ya mchunga mbuzi imehifadhiwa Sydney. Kumwita kigeugeu si haki. Alikuwa na umri wa miaka 47, picha yake The Hay Wain (1821) ilikwisha kuonyeshwa, na Claude hakuweza tena kumtawala.

National Gallery ilifunguliwa mwaka 1824. Beaumont aliipa picha zake mwaka 1826, ila alimkosa Hajiri hata akarudishiwa kwa mkopo mpaka alipofariki mwaka 1827. Constable naye alipofariki mwaka 1837, marafiki na wapenzi wa sanaa, miongoni mwao Wordsworth na Faraday, walichanga fedha, wakainunua The Cornfield ya mwaka 1826 na kuikabidhi kwa jumba lile lile alilolihofia. Hapo wanafunzi waliweza kuja na turubai zao kuinakili: kijana anayekunywa maji kijitoni, kondoo, shamba la ngano, na mbali kidogo mnara wa kanisa, ambao katika njia halisi ya East Bergholt haupo.