Panya waliotangulia kidonge cha moyo

Hapa Dzaleka panya ni adui wa gunia la mahindi. Basi mzee wa jirani yetu aliposikia kwamba kaptoprili, dawa yake ya moyo, ilianzia kwa panya, akataka kuiacha. "Mimi siyo panya," akasema. Sisi vijana tukafuata historia.

Mwaka 1954 Johns na Olson walieleza namna ya kufunga kwa uzi mshipa unaolisha moyo wa wanyama wadogo. Sehemu iliyokosa damu hufa, kama kwa mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo. Mwaka 1985 Marc na Janice Pfeffer wa Boston walionyesha kuwa panya walioumia moyo wakipewa kaptoprili huishi zaidi.

Lakini moyo wa panya hupiga mara 300 na zaidi kwa dakika, siyo kama wetu. Ndiyo maana ilijaribiwa tena kwa wagonjwa 2,231. Mwaka 1992 matokeo yakatoka: vifo vilipungua kwa asilimia 19.

Tulimsomea mzee yote haya. Lilongwe ni mbali, kama kilomita 50, na usiku gari ni shida. Kidonge kiko mkononi. Wazee wetu wasikiache kabla ya kumuuliza daktari.