Kistari Mahali pa Jina

Wajukuu wangu hapa Chokocho walikuwa wakitazama filamu ya Frankenstein, ile iliyoongozwa na Guillermo del Toro mwaka 2025. Mdogo wao akaniuliza: "Babu, huyu jitu jina lake nani?" Nikamjibu kwamba hana. Nusura nimsahihishe, aseme "jitu hili", lakini nikanyamaza.

Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Mary Shelley alikuwa na miaka kumi na minane alipoanza kuiandika riwaya hiyo mwaka 1816, kando ya Ziwa la Geneva. Ilipochapwa London mwaka 1818, haikubeba jina la mwandishi. Ndani yake, Victor Frankenstein anaunda kiumbe kwa viungo vya maiti, kisha anamkimbia usiku uleule alipofumbua macho. Hakumpa hata jina. Mwaka 1823 hadithi ilipoigizwa jukwaani London, tangazo la mchezo lilionesha kistari kitupu mkabala na jina la mwigizaji, T. P. Cooke. Bi Shelley alikwenda kutazama, na kistari kile kikampendeza. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 nayo ilianza kwa alama ya kuuliza. Jina la Boris Karloff likangoja hadi mwisho.

Walimwengu wakalijaza pengo wenyewe, wakamwita kiumbe huyo Frankenstein. Wajuzi wanalihesabu kuwa kosa. Kwetu sisi, ambao mtoto hutajwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, kosa hilo lina haki ndani yake: baba alimkana mwana, na umma ukamrudishia ubini.

Kiswahili nacho hakimwachi msemaji akae kando. Ukisema "jitu hili limeua", umeshamtoa katika watu. Ukisema "kiumbe huyu ameua", umemtia hatiani, lakini umemwacha miongoni mwetu. Upatanisho wa sarufi umehukumu kabla ya hoja.

Nakiri nimechelewa kulielewa somo hili. Zamani, nikiita majina darasani, palikuwa na mwanafunzi ambaye mahali pa jina la baba pake paliandikwa kistari. Kila asubuhi nilisita hapo, na wenzake wakacheka. Ningeweza kulitamka jina lake moja kwa sauti kamili, nikapita. Kile kituo changu ndicho kilichomuumiza.